Profesa Kezilahabi na Ziwa la Kwao

Mto Kagera, upitao mipakani mwa Karagwe na Kyerwa, humwaga maji yake katika Ziwa Viktoria. Ndani ya ziwa hilo kimo kisiwa cha Ukerewe, na huko, katika kijiji cha Namagondo, alizaliwa Euphrase Kezilahabi mwaka wa 1944.

Alisoma katika seminari ya Nyegezi, karibu na Mwanza, na mwaka wa 1967 akaingia Chuo Kikuu, Dar es Salaam. Baada ya kufundisha shule za sekondari akarudi chuoni kuwa mwalimu wa fasihi. Mwaka wa 1985 alipata udaktari katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani. Na tangu mwaka wa 1995 alifundisha Botswana, nchi ya jangwa la Kalahari.

Diwani yake ya kwanza, Kichomi, ilitoka mwaka wa 1974, ikazusha ugomvi mkubwa. Mengi ya mashairi yale hayakufuata vina wala mizani, nao malenga wengi wakasema kwamba hayo si mashairi. Yeye alitaka ushairi useme kwa lugha ya kila siku.

Mifano yake aliitoa wapi? Mtoto wa kisiwani hujua upepo kabla hajajua kalamu, kwa kuwa upepo ndio usukumao mtumbwi, nao ndio uuzamishao. Basi Kezilahabi akaufanya upepo kuwa mfano wa wakati. Tena hadithi yake ya vijiji vya Ujamaa, ya mwaka wa 1979, akaiita Gamba la Nyoka. Nyoka akivua gamba huonekana mpya, lakini ni yuleyule. Msomaji na apime mwenyewe kama mambo ya wanadamu ni hivyo.

Alifariki mwezi wa Januari, 2020. Mashairi yaliyokataliwa na malenga sasa husomwa shuleni.

Nasi tuna nini? Mwaka wa 2019 Serikali iliyafanya mapori ya Ibanda-Kyerwa na Rumanyika-Karagwe kuwa hifadhi za taifa. Askari aweza kuulinda mti usikatwe. Hawezi kulilinda jina lake lisisahauliwe. Majina ya Kinyambo ya miti na ndege, na visa vyake, wazee wangali wanayajua. Enyi walimu na vijana mjuao kuandika, waulizeni wazee hao wangali hai, mkaandike. Profesa yule alifika Marekani na Kalahari, lakini hakuona haya kuandika habari za ziwa la kwao.