Mtoto wa Kupakatwa Hana Jina Melini

Sisi wa Katesh hatuna bandari. Tunao Mlima Hanang mgongoni, tunalo Ziwa Balangida ambalo maji yake ni ya chumvi na miaka ya ukame hukauka likabaki jeupe, na tunayo barabara itokayo Babati kwenda Singida. Meli tuliijua kwanza katika picha za vitabu vya shule. Pamoja na hayo, kila shule zinapokaribia kufungwa, Juni na Desemba, mimi huulizwa swali lile lile: familia yenye watoto wadogo isafirije kwa meli?

Wanaouliza ni mwalimu ambaye kwao ni Ukerewe, muuguzi wa kutoka Bukoba, karani aliyezaliwa Pemba. Watumishi walioletwa huku na kazi, ambao likizo ikifika hutaka wanao wakawaone babu na bibi. Siku hizi wanauliza hata wenyeji, Wairaqw na Wabarbaig, waliojiwekea akiba kidogo na kuona kwamba si haki mtoto akue bila kuiona bahari. Ni jambo jema. Safari humfundisha mtoto mambo ambayo ubao wa darasani hauyawezi.

Mashauri ya kawaida nitayatoa, maana yanafaa. Lakini katika kusoma historia ya meli zetu nimekutana na jambo moja linalojirudia kila penye msiba, nalo ni abiria asiyehesabiwa. Na aliye mwepesi kuliko wote kuachwa nje ya hesabu ni mtoto.

Tuanzie stendi ya mabasi, kwa sababu ndiko mazoea yetu yanakozaliwa. Katika basi mtoto mdogo hupakatwa. Kondakta haulizi jina lake wala hamkatii tiketi. Mzazi mwenye watoto wanne hulipia viti viwili, na yule wa miaka saba hufundishwa njiani aseme ana miaka minne. Simlaumu mtu, nauli ni kubwa na mifuko ni midogo. Basi likipata pancha, mtoto hushuka pamoja na mama yake, wakakaa chini ya mti kungoja. Mazoea haya yakipanda ngazi ya meli, hubadilika sura. Melini tiketi si risiti ya nauli tu, bali ni ushahidi kwamba mtu huyu yumo. Kwa hesabu hiyo nahodha hujua amebeba watu wangapi, na chombo kikipatwa na jambo, waokoaji hujua wamtafute nani.

Yafaa tukumbuke kwamba meli zetu nyingi za zamani hazikuundwa kwa ajili ya familia za watu wa kawaida. Liemba ya Ziwa Tanganyika, ambayo wengi tunaisifu kwa ukongwe wake, iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikaletwa Dar es Salaam kwa meli na Kigoma kwa reli. Iliitwa Graf von Götzen, jina la gavana aliyetawala wakati wa Vita vya Maji Maji. Mwaka 1915 iliingia majini ikiwa na mizinga. Mwaka 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha isije ikatekwa, baada ya kuipaka mitambo yake grisi. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba. Meli hiyo ya vita ndiyo iliyokuja kubeba akina mama na vichanga, magunia ya dagaa na mananasi. Mwaka 2015 ilibeba pia maelfu ya wakimbizi wa Burundi kutoka Kagunga hadi Kigoma, wengi wao watoto.

Baharini nako mambo yalifanana. Meli za kampuni ya British India, kama Kampala na Karanja, zilizoanza kazi mwishoni mwa miaka ya 1940, zilisafirisha familia nyingi kati ya Bombay na pwani yetu kama abiria wa sitaha, waliobeba matandiko yao na kulala walipopata nafasi. Daraja la kwanza lilikuwa na vyumba na majina milangoni. Wa sitaha walikuwa umati.

Tofauti hiyo ya daraja huonekana vema zaidi siku ya msiba. Titanic ilipozama usiku wa kuamkia tarehe 15 Aprili 1912, dunia ilisimuliwa kwamba wanawake na watoto ndio waliotangulizwa. Ni kweli kwa wengine. Watoto wa daraja la pili karibu wote waliokolewa. Wa daraja la tatu, waliokuwa chini kabisa ya meli, aliokolewa takriban mmoja kati ya kila watatu. Kumbe kilichoamua si umri peke yake, bali pia mahali ambapo mzazi alimlaza mwanawe na njia iliyotoka hapo kwenda juu.

Kwetu, alfajiri ya Jumanne tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilipinduka ikiwa imekaribia Mwanza. Ilikuwa na uwezo wa kubeba abiria 430. Idadi ya waliokufa inayotajwa mara nyingi inakaribia 900, na idadi kamili haikupatikana, kwa sababu abiria wa daraja la tatu hawakuwa na orodha ya majina. Wengi walizikwa Igoma. Watu wazima wana ndugu, wana waajiri, wana wadeni wao, watauliziwa. Lakini mtoto aliyesafiri na wazazi wote wawili, naye hakukatiwa tiketi, nani atakwenda dirishani kuuliza habari zake?

Miaka 15 baadaye, usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, Spice Islander ilizama ikitoka Unguja kwenda Pemba. Iliruhusiwa kubeba watu kiasi cha 600. Tume ya uchunguzi ilikuja kueleza kwamba waliokuwamo walizidi 2,000. Julai 2012 ikafuata Skagit, karibu na kisiwa cha Chumbe, katika upepo mkali. Na tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere, chenye uwezo wa kubeba watu 101, kilipinduka kikiwa kimekaribia kabisa gati la Ukara. Walikufa zaidi ya watu 220. Mara zote hizo swali la kwanza la taifa lilikuwa moja: walikuwamo wangapi?

Sisi wa Katesh hatuna haja ya kuambiwa uzito wa swali hilo. Tarehe 3 Desemba 2023 matope na mawe yaliporomoka kutoka Mlima Hanang yakaingia mjini na vijijini, na zaidi ya watu 80 wakapoteza maisha. Tunajua sasa ni nini kusimama mbele ya msiba na kuulizwa, nyumbani mlikuwa wangapi.

Kwa hiyo, wazazi wenzangu, shauri langu la kwanza halihusu begi wala chakula. Kila mtoto, hata wa mgongoni, aandikwe jina. Kama nauli yake ni nusu, lipa nusu. Kama hatozwi, mwambie karani kwa adabu: huyu halipi, lakini naomba aandikwe. Umri wake utajwe ulivyo. Chukua cheti cha kuzaliwa au kadi ya kliniki, na uiweke mahali pasipoingia maji. Majina ya wote mnaosafiri, pamoja na jina la meli na siku ya safari, yabaki kwa jirani au ndugu huku nyumbani.

La pili, itazame meli kabla hujapanda. Ubavuni mwa meli kubwa kuna alama ya duara iliyokatwa na mstari. Hiyo inatokana na juhudi za Samuel Plimsoll, mbunge wa Uingereza, aliyepigania mabaharia waliokuwa wakipelekwa baharini katika meli kuukuu zilizojazwa kupita kiasi, hata mwaka 1876 sheria ikapitishwa kila meli ichorwe alama ya mwisho wa shehena. Maji yakiwa yameifunika alama hiyo, meli imezidiwa. Huhitaji kuwa baharia kulijua hilo. Tazama pia kama meli imelalia upande mmoja ingali gatini, na kama njia za kutokea zimezibwa kwa magunia na magodoro.

La tatu, uliza majaketi ya kujiokolea yaliko, na uliza hasa ya watoto. Jaketi la mtu mzima humtoka mtoto kichwani akiwa ndani ya maji. Sheria za kimataifa zinazitaka meli za abiria ziwe na majaketi ya watoto yasiyopungua asilimia 10 ya idadi ya abiria, na zaidi ikiwa watoto waliomo ni wengi. Mvalishe mara moja mkiwa gatini, azoee, nawe ujue kamba zake zinafungwaje. Gizani si mahali pa kujifunzia.

La nne, gawaneni watoto. Mtu mzima mmoja hawezi kuwaokoa watatu. Semeni mapema: baba na Neema, mama na kichanga, shangazi na yule wa kati. Kaeni karibu na mlango wa kutokea, na kabla ya kulala muitembee njia ya kwenda juu pamoja na watoto, mara mbili. Mtoto apewe jukumu lake: akisikia king'ora, asitafute viatu wala mdoli, amshike mtu wake.

La tano, msikimbilie upande mmoja. Chombo kinapokaribia gati kila mtu hutaka kuona waliokuja kupokea, na watoto huwa wa kwanza kuvuta mikono ya wazazi. Uzito ukihamia ubavu mmoja, hasa katika chombo kilichojaa, chombo hulala. Kaeni mpaka kamba zifungwe. Kadhalika mtoto asiachwe karibu na vyuma vya ukingoni, hata maji yawe matulivu kama uji uliopoa.

Kuhusu kichefuchefu, kisiwatishe. Wale chakula chepesi saa moja au mbili kabla, si chipsi na soda gatini. Kaeni katikati ya meli, maana huko mtikisiko hupungua, na mtoto atazame mbali, pale mbingu inapokutana na maji. Tangawizi husaidia wengi. Dawa za kutapika asipewe mtoto mdogo bila kumwuliza mganga. Kama mna hiari ya kuchagua siku za kuvuka kwenda Unguja, mkumbuke kwamba kusi, ambayo huvuma kwa nguvu zaidi katikati ya mwaka, huichafua bahari. Likizo ya Desemba mara nyingi bahari huwa na huruma zaidi kuliko ya Juni.

Najua wapo watakaosema kwamba haya yote ni kazi ya serikali, si ya mzazi aliyechoka na mizigo. Wana haki. Ukaguzi wa vyombo ni wajibu wa mamlaka; ndiyo maana ikaanzishwa SUMATRA na baadaye, mwaka 2018, kazi hiyo ikaenda TASAC, na Zanzibar ikawa na mamlaka yake ya usafiri wa baharini. Vyombo pia vimeboreshwa. MV Victoria, iliyokuwa ikitoa huduma tangu mwaka 1961, ilikarabatiwa ikarudi ziwani mwaka 2020, na Februari 2023 meli mpya ya abiria 1,200 iliingizwa majini Mwanza. Sipendi mtu aache safari kwa hofu. Lakini saa tatu usiku, pale chini ya ngazi, sheria huwa karatasi iliyo ofisini. Aliyepo ni wewe na mwanao.

Basi lipo shauri la mwisho, nalo ndilo zito. Weka kando fedha za kulala mjini usiku mmoja. Ukiiona meli imefurika, ukiomba jaketi la mtoto ukachekwa, ukikuta maji yameipita alama, ushuke. Utaona haya. Watoto watalia, mizigo itakuwa imeshapakiwa, bibi anangoja upande wa pili, na abiria wenzako watakuita mwoga wa bara asiyejua maji. Nauli inaweza isirudi. Mtu aliyeweka akiba mwaka mzima hawezi kushuka kama hakulipanga jambo hilo tangu nyumbani. Ataambiwa na umaskini wake abaki. Ndiyo maana nasema fedha hizo ziwekwe kabla, zihesabiwe kama sehemu ya nauli. Chombo cha kuzama hakina usukani, walisema wa pwani. Chombo kikiwa bado gatini, usukani ni miguu yako.

Tiketi za Desemba hukatwa mapema. Ukifika dirishani, usianze na bei. Anza na majina, kuanzia la mdogo kuliko wote.