Kiti Kimoja, Madaftari Mawili

Mama anayesafiri na mtoto wa miaka mitatu kutoka Nairobi hadi Amsterdam ana zaidi ya saa nane za kukaa angani. Mzee mwenye goti bovu naye ana saa hizohizo. Kwao, kujua watakaa wapi kuna uzito kuliko chakula na filamu, na ndiyo maana huomba au hulipa mapema wapate kiti cha kando ya njia, au viti viwili vilivyopakana. Halafu hufika uwanjani wakaambiwa kwamba kiti hicho hakionekani kwenye kompyuta. Aghalabu kisa hiki huwapata watu ambao tiketi yao imeuzwa na shirika moja na ndege yao inarushwa na jingine, kwa ule ubia wa namba za safari ulioenea duniani kote. Wengi hulaumu ubia wenyewe. Mimi nasema ubia hauna kosa: kiti hupotea kwa sababu kimeandikwa kwenye madaftari mawili. Ukiyatazama mapokeo mengine ya kugawa viti, nje ya viwanja vya ndege, utaona kwamba watu wameweza kuuza na kuendesha kwa mikono tofauti bila abiria kunyang'anywa nafasi yake.

Ukanda wetu unaufahamu ubia huu vizuri. KLM ilinunua asilimia 26 ya Kenya Airways mwaka 1996, na mwaka 2003 Kenya Airways nayo ikanunua asilimia 49 ya Precision Air ya Tanzania. Tangu hapo ikawa kawaida tiketi yenye herufi za shirika moja kumpandisha msafiri ndege ya mwenzake. Namba ya safari ni ya muuzaji. Ndege, wahudumu na viti ni vya mrushaji. Manufaa yapo, tena makubwa. Tiketi ni moja, mizigo hupitilizwa hadi mwisho wa safari, na ndege ya kwanza ikichelewa kuna mtu mwenye wajibu wa kukutafutia nyingine. Msafiri aliyewahi kuunganisha tiketi mbili zisizojuana anajua thamani ya hayo.

Shida iko nyuma ya kaunta. Muuzaji akikata tiketi, mtambo wake hutoa namba ya rekodi yenye herufi na tarakimu sita. Ujumbe hutumwa kwa mtambo wa mrushaji, nao hufungua rekodi yake wenyewe, yenye namba nyingine. Abiria huoneshwa ile ya kwanza. Ramani ya viti anayoiona kwenye tovuti ya muuzaji ni picha iliyoombwa kutoka kwa mrushaji. Pengine huja na viti vichache, pengine haiji kabisa. Akichagua 23C, ombi hupelekwa na jibu husubiriwa. Baadaye ratiba ikisogezwa, au ndege kubwa ikibadilishwa kwa ndogo, mrushaji hupanga viti upya kwenye daftari lake, na habari hizo zinaweza zisimfikie muuzaji. Daftari moja linasema 23C, la pili linasema 41E. Mlangoni pa ndege linasomwa la mrushaji. Kama ada ya kiti ililipwa kwa muuzaji, mhudumu wa kaunta anaweza asiwe na kumbukumbu yoyote ya malipo hayo, na mama anabaki amembeba mtoto, akieleza jambo ambalo kompyuta iliyo mbele ya mhudumu hailijui.

Sasa tazama basi la mikoani. Kwenye Stendi ya Magufuli pale Mbezi Louis, Dar es Salaam, au kwenye ofisi za mabasi za Mwembe Tayari, Mombasa, wakala huuza siti za basi asilolimiliki. Huo nao ni ubia: huyu anauza, yule anaendesha. Kabla ya tiketi za kielektroniki, wakala alipiga simu ofisini, akauliza kama siti ya dirishani ipo, akajibiwa kwamba ipo, akaandika namba yake kwa kalamu kwenye tiketi, na karani kule ofisini akaikata kwenye chati. Mawakala wangeweza kuwa kumi, lakini chati ilikuwa moja, na yeyote aliyetaka kuuza ilimpasa kuiuliza. Ni kweli siti ziliuzwa mara mbili, hasa Desemba watu wanaporudi Moshi kwa sikukuu. Tiketi mbili zenye namba moja zilipokutana, konda aliitwa, abiria wengine wakatia neno, na mara nyingi mwenye mtoto ndiye aliyekalishwa kwanza. “Mama, kaa hapo. Wewe kijana subiri, tutakutafutia.” Kijana naye alikuwa amelipa nauli yake, kwa hiyo siwezi kusema kwamba hukumu ile ilikuwa ya haki kila mara. Ninachokitetea ni kwamba mwenye uwezo wa kuamua juu ya siti alisimama mbele ya wanaoigombea. Hakuwaambia waandike barua kwa ofisi ya mji mwingine.

Reli ya Japani inanishawishi zaidi, kwa sababu pale kuna ubia wa makampuni makubwa na kiti hakipotei. Treni ya mwendo kasi iitwayo Nozomi, kutoka Tokyo hadi Hakata jijini Fukuoka, hupita kwenye njia za kampuni mbili: JR Central hadi Shin-Osaka, kisha JR West hadi mwisho. Safari nzima ni kama saa tano. Pale Shin-Osaka wafanyakazi wa kampuni ya kwanza hushuka na wa kampuni ya pili hupanda. Aliyelala kwenye kiti 12E cha behewa la 7 anaweza asijue kwamba ameingia mikononi mwa kampuni nyingine. Hatafuti namba ya pili ya rekodi, haombi kiti upya, wala hakuna wa kumwambia kwamba malipo yake yako kwa wenzetu.

Historia ndiyo iliyoleta tofauti. Mwaka 1960 shirika la reli la taifa la Japani lilianza kutumia mtambo wa kompyuta wa kuhifadhi viti, ulioitwa MARS-1. Miaka hiyohiyo, upande wa pili wa Pasifiki, American Airlines na IBM walikuwa wakijenga mtambo wa Sabre. Hadi hapo mambo yalifanana: kila shirika na daftari lake. Mwaka 1987 njia zikaachana. Japani ililigawa shirika hilo la reli, zikazaliwa kampuni sita za abiria za kikanda na moja ya mizigo. Mali ziligawanywa, madeni yakagawanywa, lakini daftari la viti likaachwa zima. Kampuni hizo, ndizo za JR, ziliendelea kusoma na kuandika kwenye MARS ileile. Mwaka huohuo, huko Ulaya, Air France, Lufthansa, Iberia na SAS ziliunda Amadeus, nazo British Airways, KLM na wenzao wakaunda Galileo. Basi mashirika ya ndege yalipoanza kuuziana namba za safari kwa wingi, kila kambi ilishakuwa na daftari lake, na daftari lilikuwa silaha ya biashara.

Kuna atakayenijibu kwamba Japani ni nchi moja, na makampuni yake yalitoka tumbo moja, ilhali ndege ni za dunia nzima. Jibu hilo lina nguvu, ila halimalizi hoja. Mashirika ya ndege yanayotumia mtambo mmoja wa ndani husomana viti kwa urahisi kuliko yale yanayotumiana ujumbe, hata yakiwa ya mabara tofauti. Ufundi upo. Kinachosubiriwa ni uamuzi wa kumpa abiria kilichokwisha kuandikwa kwa jina lake.

Mapokeo ya kutokuwa na daftari la viti kabisa nayapita haraka. Southwest ya Marekani, iliyoanza kuruka mwaka 1971, iliwaacha abiria wakae watakapo kwa kufuata foleni, hadi ilipouacha utaratibu huo Januari 2026. Ulaya, easyJet iliuacha mwaka 2012 na Ryanair mwaka 2014. Foleni ina uwazi wake, lakini huwapendelea wepesi wa miguu. Mzee wetu mwenye goti bovu asingefika mbali. La muhimu zaidi ni kilichofuata, kiti kugeuka bidhaa inayouzwa peke yake. British Airways ilianza kutoza ada ya kuchagua kiti mapema mwaka 2009. Ripoti ya kamati ndogo ya Seneti ya Marekani ya Novemba 2024 ilionesha kwamba mashirika matano ya nchi hiyo yalikusanya dola bilioni 12.4 kutokana na ada za viti kati ya 2018 na 2023. Kitu kinachoingiza fedha za namna hiyo hakiwezi tena kuitwa hisani ya shirika.

Hata hivyo sheria bado inakiona kama hisani. Mkataba wa Montreal wa 1999, ambao Kenya na Tanzania ni wanachama, una sura nzima inayohusu shirika lililofunga mkataba na abiria na shirika lililomsafirisha hasa. Abiria akifa, akijeruhiwa, mizigo ikipotea au safari ikichelewa, aliyeuza anawajibika kwa safari yote, na aliyerusha anawajibika kwa kipande chake. Busara hiyo ina umri, kwani ilitokana na Mkataba wa Guadalajara wa 1961. Kiti hakimo. Katika masharti yao ya usafirishaji mashirika huandika kwamba yatajitahidi kutimiza ombi la kiti bila kuahidi kiti chochote mahususi. Umoja wa Ulaya, kwa kanuni namba 2111 ya 2005, unataka abiria atajiwe shirika litakalorusha ndege yake. Anapewa jina, namba ya rekodi hapewi.

Afadhali nchi zilizochukua hatua zaidi. Kanuni za Kanada za 2019 zinataka mtoto wa chini ya miaka 5 akae jirani na mzazi wake bila malipo. India, mwaka 2024, ilielekeza watoto hadi miaka 12 wakalishwe na angalau mzazi mmoja aliye kwenye rekodi hiyohiyo. Marekani, mwaka huohuo, ilitoa kanuni ya kurudisha ada ya huduma iliyolipiwa na haikutolewa, kiti kikiwemo. Nikiyasoma hayo naisikia ile hukumu ya konda, safari hii ikiwa imeandikwa na kupigwa mhuri: mwenye mtoto akae kwanza, na aliyelipa asidhulumiwe.

Kwa hiyo, msomaji mwenye tiketi ya namna hii, kabla ya kulipia kiti muulize muuzaji namba ya rekodi ya shirika litakalorusha ndege. Ingia kwenye tovuti ya shirika hilo kwa namba hiyo na uchague kiti huko. Kitazame tena kila unapopata ujumbe wa mabadiliko ya ratiba, na tena dirisha la kujiandikisha linapofunguliwa, ambalo kwa mashirika mengi ni saa 24 kabla ya safari. Lakini mzigo huu haupaswi kubaki mabegani mwa abiria. Mamlaka za usafiri wa anga za Kenya na Tanzania zinaweza kumlazimisha kila anayeuza tiketi ya ubia nchini mwao kuichapa namba hiyo ya pili chini ya ile ya kwanza, na kurudisha ada ya kiti ambacho abiria hakukipata. Namba hiyo tayari imo kwenye mitambo ya wauzaji. Waichape.