Upele wa Simbilisi: Neno Moja, Maradhi Matatu

Jikoni kwa jirani yangu hapa Songea, simbilisi hulala nyuma ya mafiga. Julai, baridi inapouma, huwatoi pale hata kwa fimbo. Jioni moja nilibisha hodi nikakuta watoto wamemzunguka mmoja mweupe. Manyoya ya mgongoni yalikuwa yamepukutika, na ngozi imekuwa nene, kavu, yenye magamba. Mtoto alipomgusa kiunoni, mnyama alianza kujikuna kwa mguu wa nyuma, akajikuna, akajikuna, mwisho akaanguka ubavu huku miguu ikitapatapa.

“Huyo ana kifafa, mwalimu,” mama mwenye nyumba akaniambia.

“Na huo upele, mama?”

“Aa, upele ni upele tu. Hata hawa wajukuu wanao.”

Upele ni upele tu. Hapo ndipo Kiswahili chetu cha mifugo kinapokwama. (Na tusimchanganye simbilisi na pimbi wa majabalini, hawana undugu wa karibu, ingawa wapo wanaomwita simbilisi pimbi.)

Ugonjwa wa yule mweupe kitaalamu huitwa akariasi, jina lililotokana na neno la Kigiriki la wadudu wadogo wenye miguu minane, jamaa wa kupe na buibui. Utohozi huo unatamkika vizuri, lakini mpelekee mfugaji wa Lizaboni hapa Songea uone kama ataondoka na kitu. Vitabu vingi vya ufugaji husema ukurutu. Tatizo ni kwamba ukurutu kwa binadamu ni pia ule mwasho wa ngozi kavu usioambukiza, wala hauna mdudu. Upele nao hubeba kila kitu kiwashacho.

Ilhali mdudu mwenyewe ana jina, tena zuri: utitiri. Aliyewahi kuingia kwenye banda la kuku lililoachwa bila kusafishwa, akatoka anawashwa hadi shingoni, hahitaji kamusi. Magazeti ndiyo yaliyotuharibia neno hili. Siku hizi ni utitiri wa kodi, utitiri wa tozo, utitiri wa vyama, mpaka kijana wa mjini anadhani maana yake ni wingi basi, bila kujua kwamba sitiari hiyo ina mdudu ndani yake. Mimi nasema turudi bandani, na ugonjwa huu tuuite upele wa utitiri. Jina hilo linamtaja mhalifu.

Mhalifu wa simbilisi ni Trixacarus caviae. Tofauti na utitiri wa kuku, huyu haonekani kwa macho. Hujichimbia ndani ya ngozi na kutaga humo humo. Mtaalamu wa mifugo hukwangua ngozi kidogo na kuitazama kwa hadubini. Mwasho wake ni mkali kiasi cha kumtia mnyama degedege, na ndicho kile “kifafa” cha jikoni.

Jina sahihi lina faida kwa sababu dawa hazifanani. Mapunye ya simbilisi huletwa na fangasi. Mara nyingi huanzia puani, machoni na masikioni, manyoya yakinyonyoka kwa mabaka yenye magamba, na mwasho si mkali kama ule wa utitiri. Haya huwapata watoto wanaomkumbatia, na hutibiwa kwa dawa za fangasi. Kiseyeye ni habari nyingine kabisa. Simbilisi, kama binadamu, hawezi kujitengenezea vitamini C. Axel Holst na Theodor Frølich wa Norwei walionyesha kiseyeye kwa wanyama hawa mwaka 1907. Aliyelishwa pumba tupu manyoya hufifia na kusimama, viungo huvimba, hataki kutembea, vidonda havifungi. Huyo anahitaji majani mabichi na mapera, ambayo yana vitamini hiyo kuliko machungwa. Na aliyedhoofika hivyo ndiye ambaye utitiri humshambulia vibaya zaidi, kwa hiyo usishangae kukuta maradhi mawili kwenye ngozi moja.

Dawa ya utitiri ni ivamektini, na hapa ndipo watu wanapoua. Ile ya sindano ya ng'ombe ya asilimia 1 ina miligramu 10 katika kila mililita. Simbilisi wa gramu 750, kwa kipimo cha miligramu 0.2 hadi 0.4 kwa kilo, anahitaji kati ya mililita 0.015 na 0.03. Bomba la kawaida la sindano halipimi kiasi hicho. Mwachie mtaalamu, naye atairudia baada ya siku 7 hadi 14, kwa kuwa mayai hayafi kwa dozi ya kwanza. Wenzake wote watibiwe siku hiyo hiyo na matandiko yachomwe. Oili chafu ya gari usimpake, atailamba. Penisilini usimpe kabisa: huvuruga vijidudu vya tumboni mwake, akafa kwa kuharisha wakati ngozi bado inawasha.

Wanaoandika vipeperushi vya mifugo, nawaomba mwandike utitiri. Na ninyi wenye simbilisi jikoni, mkiona anajikuna hadi anaanguka, mpelekeni kwa mtaalamu wa mifugo kabla hamjampeleka kwa mganga wa kifafa.