Kupima Kabla ya Kuamini: Umilisi wa Taarifa na Hatima ya Elimu Isiyo na Mwisho

Mwaka 1967 takriban theluthi mbili ya watu wazima wa Tanzania hawakujua kusoma wala kuandika. Kufikia mwaka 1986, kwa takwimu za serikali, waliosalia bila kisomo walikuwa takriban mmoja kati ya kumi. Mafanikio hayo yalijengwa juu ya imani kwamba elimu haina mwisho: mtu mzima akishajua kusoma ataweza kuendelea kujielimisha katika kilimo, afya, uchumi na siasa hadi uzeeni. Makala haya yanatetea hoja kwamba imani hiyo ilisimama juu ya sharti ambalo wakati ule halikuhitaji kutajwa, yaani kile ambacho mwanakisomo alikisoma au kukisikia kilikuwa kimekwishapimwa na mtu mwingine kabla ya kumfikia. Leo sharti hilo limetoweka. Kwa hiyo umilisi wa taarifa, yaani uwezo wa kutambua kwamba unahitaji taarifa fulani, kuitafuta, kuipima na kuitumia kwa uadilifu, hauwezi kuendelea kuhesabiwa kuwa nyongeza ya elimu ya watu wazima. Bila umilisi huo, mtu anayejifunza peke yake hukusanya madai tu, na hana njia ya kujua lipi kati yake ni maarifa.

Tazama namna kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 ilivyoendeshwa. Watu wapatao milioni mbili walijiunga na vikundi vya kusikiliza redio na kujisomea kwa muda wa wiki 12. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi aliyepewa mafunzo mafupi. Wanakikundi walisikiliza kipindi, wakasoma kijitabu, wakajadili hali ya kijiji chao kuhusu magonjwa kama malaria na kichocho, kisha wakakubaliana la kufanya, na vyoo vingi sana vilichimbwa. Mpango huo ulikuwa na nguvu kwa sababu uliunganisha maarifa, mjadala na utekelezaji. Hata hivyo, swali lililotawala vikao lilikuwa tutatekelezaje, wala si nani kasema na kajuaje. Swali hili la pili lilikuwa limejibiwa mapema na wataalamu wa afya walioandaa maandishi, wahariri walioyapitia, na kituo kimoja cha redio ya taifa kilichoyatangaza. Kazi ya kuchuja ilifanyika juu, na mwanakijiji akapokea kilichochujwa.

Sasa kazi hiyo imemshukia mpokeaji mwenyewe. Mama anayetafuta namna ya kumtibu mtoto mwenye kifafa, au mkulima anayetaka kujua dawa ya viwavi wa mahindi, hupata kwenye simu yake majibu ya daktari, ya mfanyabiashara, ya mhubiri na ya tapeli, yote kwa sura moja na mara nyingi bila jina la aliyeyaandika. Tamko la Alexandria la mwaka 2005, lililotokana na mkutano wa UNESCO na shirikisho la kimataifa la maktaba, IFLA, liliuweka umilisi wa taarifa katika kiini cha kujifunza maisha yote, na hali ya leo inalithibitisha kuliko ilivyokuwa lilipoandikwa. Wala haitoshi kusema kwamba shule nzuri itamaliza tatizo. Watafiti Sam Wineburg na Sarah McGrew wa Chuo Kikuu cha Stanford waliwalinganisha wanahistoria wenye shahada za uzamivu, wanafunzi wa chuo hicho na wahakiki wa habari katika kupima tovuti. Wanahistoria na wanafunzi mara nyingi walibaki ndani ya ukurasa, wakapotoshwa na nembo na mpangilio wake mzuri. Wahakiki waliutoka ukurasa huo upesi, wakaenda kuuliza vyanzo vingine ni nani anayeuendesha. Usomi uliwapa wale wa kwanza uwezo wa kusoma kwa kina, lakini kuhakiki chanzo ni ustadi mwingine unaohitaji kufundishwa.

Kwamba unafundishika, ushahidi ulio bora umetoka Uganda. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Makerere na wenzao wa Norway waliendesha jaribio katika shule za msingi 120. Zaidi ya watoto 10,000 walifanya mtihani wa kupima madai kuhusu tiba: je, dawa ni nzuri kwa sababu tu imetumika tangu enzi za mababu, au kwa sababu mtu mmoja aliyeitumia alipona? Matokeo yalichapishwa mwaka 2017 katika jarida la The Lancet. Kati ya waliofundishwa kwa kitabu chenye hadithi za picha, asilimia 69 walifaulu. Kati ya ambao hawakufundishwa, asilimia 27. Wazazi waliosikiliza vipindi vilivyorekodiwa kuhusu mada hiyo walifaulu kwa asilimia 71, dhidi ya 38 ya wenzao. Lakini baada ya mwaka mmoja njia ziliachana. Watoto walizidi kupanda hadi asilimia 80, huku wenzao wasiofundishwa wakiwa na 52. Wazazi walishuka hadi 47, na tofauti kati yao na wasiosikiliza vipindi ikabaki ndogo. Umri na vifaa vya makundi haya vilitofautiana, hivyo si halali kuihusisha tofauti yote na sababu moja. Hata hivyo, inapatana na akili kwamba darasa lenye mwalimu, mazoezi na mjadala liliacha alama ambayo usikilizaji wa mtu mmoja mmoja haukuiacha. Kwa elimu ya watu wazima funzo hili ni zito: kampeni ya matangazo peke yake haielekei kujenga umilisi wa kudumu.

Wapo watakaosema kwamba tunatanguliza jambo la anasa wakati watu wengi hawana maktaba karibu, wala fedha za kununua bando. Upungufu huo ni wa kweli na lazima ushughulikiwe. Lakini asiye na vyanzo vingi ndiye anayeumia zaidi kwa chanzo kibovu, kwa kuwa hana cha kukilinganisha nacho wala akiba ya kufidia hasara. Tena kupima dai hakuanzi na intaneti. Kumuuliza muuza mbegu ameijaribu wapi na kwa kulinganisha na nini kunawezekana kabisa mnadani.

Wengine wataikabidhi kazi hii sheria. Tanzania ilitunga Sheria ya Makosa ya Mtandao mwaka 2015, na Kenya ikafuata na yake mwaka 2018. Sheria ina nafasi yake dhidi ya utapeli, lakini hufika baada ya uongo kuenea, na mamlaka ya kuamua kipi ni uongo yanaweza kuunyamazisha ukweli usiopendeza. Pingamizi lenye uzito zaidi ni kwamba kumfundisha mtu kuhoji kutamfanya asimwamini yeyote, hata daktari. Hatari hiyo ipo pale mtu anapofundishwa kutilia shaka tu bila kupewa vipimo. Umilisi kamili humpa sababu za kuamini: anayejua kwa nini jaribio lenye kundi la kulinganisha lina uzito kuliko ushuhuda wa jirani ana msingi imara wa kuikubali chanjo kuliko aliyeikubali kwa kuamriwa.

Wajibu basi uko wazi. Vikundi vya kujifunza vilivyotumika mwaka 1973 vifufuliwe, safari hii vikiwa na swali la chanzo na ushahidi katika kila kikao. Wakutubi wa mikoa na walimu wa elimu ya watu wazima waandaliwe kuviongoza, na mitihani ya shule impe alama mwanafunzi anayeonyesha alivyolipima dai, wala si anayelikariri tu. Taifa lililoweza kufundisha mamilioni kusoma katika kizazi kimoja lina uzoefu wa kufundisha na hili. Likiacha, litakuwa na wasomaji wengi ambao kila mwenye sauti kubwa anaweza kuwaongoza atakako.