Tulikwenda Uganda Kama Nani?

Katika mkutano wetu wa wahitimu uliopita, tulipokuwa tumekaa na wanafunzi baada ya chakula, kijana mmoja wa kidato cha nne aliniuliza: "Mzee, mwaka 1979 tulikwenda Uganda kama nani? Wavamizi, wakombozi, au walinzi wa amani?" Nilimjibu upesi kuwa tulikwenda kama wakombozi. Njiani kurudi nyumbani niliona jibu langu lilikuwa fupi mno. Leo nalikamilisha.

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya nduli Iddi Amin yalivuka mpaka na kuiteka ardhi yetu hadi Mto Kagera. Nilikuwa darasa la sita hapa Karatu, wakati huo ikiwa bado sehemu ya Wilaya ya Mbulu. Tulimsikia Mwalimu Nyerere katika redio ya dukani akisema tunayo sababu, tunayo nia na tunao uwezo wa kumpiga Amin. Baada ya muda, lori la mkulima wa ngano, tulilozoea kuliona na magunia, lilipanda kuelekea msitu wa Ngorongoro likiwa limejaa wanamgambo. Mjomba wangu alikuwa ndani yake.

Kumtoa Amin Kagera hakukuwa na utata. Mwenye nyumba halaumiwi kwa kumfukuza mwizi. Ugumu ulianza Januari 1979, majeshi yetu yalipovuka mpaka Mutukula. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa 1963 ulikataza nchi kuingilia mambo ya ndani ya nchi nyingine. Kampala ilipokombolewa Aprili 11, wananchi walishangilia barabarani. Lakini Julai, katika mkutano wa Monrovia, baadhi ya viongozi wa Afrika walitulaumu. Sisi tulimwona muuaji wa maelfu ya raia wake. Wao waliona mfano wa hatari. Na tuseme kweli: askari wetu nao waliubomoa mji wa Masaka kulipiza kisasi cha Kagera.

Vita ilikwisha Juni 1979, lakini mjomba hakurudi hadi 1981. Katika muda huo Rais Lule alikaa madarakani siku 68 tu, Binaisa akaondolewa Mei 1980, na baada ya uchaguzi wa Desemba mwaka huo, uliopingwa na wengi, Museveni akaingia msituni. Askari wetu walikuwapo. Huku nyumbani Mwalimu alikuwa ametuomba tufunge mikanda kwa miezi 18. Foleni za sukari na sabuni zilizidi hapo.

Mjomba alirudi na blanketi la jeshi na maneno machache. Jioni moja aliniambia: "Mwanangu, tulipompiga Amin tulijua adui yuko upande gani. Baadaye kila nyumba ilitaka tuilinde dhidi ya jirani yake."

Sisi wenyewe tuliwahi kulindwa. Baada ya maasi ya askari ya Januari 1964, Uingereza iliitwa kuyazima. Kisha askari wa Nigeria wakatulinda hadi jeshi jipya lilipoundwa, nao wakaenda zao mwaka huo huo. Waliweza kuondoka kwa sababu walikuta serikali iliyokubalika na wananchi wake.

Hilo ndilo lililokosekana Uganda, na baadaye Kongo. Mwaka 2013 askari wetu, pamoja na wa Afrika Kusini na Malawi, walisaidia kuwashinda waasi wa M23. Desemba 7, 2017, askari wetu wasiopungua 14 waliuawa Semuliki na waasi wengine, wa ADF. Januari 2025 M23 waliuteka tena mji wa Goma.

Kwa hiyo, kijana wangu, jibu kamili ni hili: tulikwenda kama jirani aliyechokozwa, tukawa wakombozi, kisha tukabaki tukilinda amani ambayo haikuwapo. Jeshi laweza kumtoa dhalimu. Haliwezi kuwapatanisha wenye nyumba.

Baadhi yenu mtavaa sare, na mkiamriwa mtakwenda, kama mjomba alivyokwenda. Lakini ninyi mtakaokaa mezani kuitoa amri hiyo, ulizaneni kwanza: baada ya ushindi, nani atawapatanisha, na askari wetu watarudi lini?