Unadhifishaji wa Gari

Mbele ya maduka mengi ya Goma kibao huandikwa "gros et détail", yaani jumla na rejareja. Neno détail lina asili ya kukata kitu vipande vipande, na ndilo lililozaa istilahi ya Kiingereza ambayo kwa Kiswahili cha gereji imekuwa ditelingi: kulishughulikia gari sehemu baada ya sehemu, kuanzia rimu hadi mshono wa kiti, mpaka likaribie hali liliyotoka nayo kiwandani. Kwa Kiswahili napendekeza unadhifishaji, kutokana na nadhifu. Anayeifanya kazi hiyo ni mnadhifishaji.

Wapo wanaosema "kung'arisha gari" na kuona inatosha. Haitoshi. Gari linaweza kung'aa kwa dakika tano likipakwa mafuta ya silikoni, na mikwaruzo yote ikabaki palepale chini yake. Mvua ikinyesha mara mbili, aibu iko nje. Kuosha nako ni hatua ya kwanza tu.

Tofauti hiyo haifichiki kwa gari linalotoka Rumangabo, yalipo makao makuu ya Hifadhi ya Taifa ya Virunga, takriban kilomita 45 kaskazini mwa Goma. Barabara yake ni ile ile ya kwenda Rutshuru iliyokatwa na lava ya volkano ya Nyiragongo mwezi Mei 2021. Vumbi la huku limechanganyika na lava iliyosagika, chembe za kioo na madini yaliyo magumu kuliko vanishi ya gari. Vanishi hiyo, tabaka la juu kabisa linaloilinda rangi, aghalabu ina unene wa mikromita 40 hadi 50, pungufu ya unywele wa binadamu. Anayepitisha tambara kavu juu ya boneti ili kufuta vumbi anaikwaruza kwa mkono wake mwenyewe. Mulika tochi usiku: utaona mistari myembamba ya duara imetanda kama utando wa buibui.

Kwa hiyo mpenzi wa magari anayekwenda kujifunza kwa fundi stadi asitazamie kukabidhiwa mashine mapema. Mwanagenzi huanza na maji. Gari humwagiwa maji ya kutosha mpaka mchanga uteremke wenyewe, kabla halijaguswa. Kisha huja ndoo mbili, moja ya sabuni na nyingine ya kusuuzia kitambaa. Mkono hutoka juu kuja chini kwa mistari iliyonyooka, na magurudumu huwa ya mwisho, tena kwa kitambaa chake. Sabuni ya unga ya kufulia ikae mbali, maana huondoa nta.

Halafu fundi humfundisha kuona kwa vidole. Anavaa mfuko mwembamba wa plastiki mkononi na kuuteleza juu ya boneti iliyokwisha kuoshwa. Mkono mtupu ulihisi ulaini. Ndani ya mfuko unahisi vipele. Ni uchafu ulioganda kwenye vanishi, nao huondolewa kwa udongo maalumu unaotelezeshwa juu ya kilainishi. Polishi hufuata baadaye, kwa kiasi, kwa sababu kila inapopita inakula sehemu ya vanishi, na iliyoliwa hairudi. Nta ndiyo hufunga kazi.

Goma ina somo jingine ambalo wanafunzi wa kwingineko hawalipati mapema. Maji ya Ziwa Kivu yana magnesi na bikaboneti kwa wingi, na pH yake iko karibu na 9. Tone likikaukia juani juu ya rangi huacha doa jeupe. Gari lioshwe kivulini na likaushwe papo hapo kwa taulo la maikrofaiba. Wala lisiingizwe ziwani kuoshwa: watu wanachota humo maji ya kunywa, na mafuta na sabuni vinaishia kwenye vidumu vyao.

Nawaomba wenye gereji za Goma waandike kwenye vibao vyao "Unadhifishaji wa magari", na bei ya kuosha iwe na mstari wake. Mteja ajue analipia nini, na kijana anayejifunza ajue ni kazi gani anayoisomea.