Huruma Isiyobeba Mzigo



Liko swali linalorudi mara kwa mara katika mikutano ya vikundi vyetu, hasa kutoka kwa wale ambao familia zao zilikimbia Masisi au Walikale na kulala miezi mingi chini ya shitingi. Huuliza kwa nini dunia humlilia gorila wa milima yetu upesi kuliko inavyomlilia mtu wa milima hiyo hiyo. Swali hili lisijibiwe kwa hasira peke yake, wala kwa dhihaka. Linastahili kujibiwa kwa historia, kwa kuwa historia huonyesha ni nani aliyetenda, ni nani aliyesifiwa, na ni nani aliyelipa.

Kabla ya kuanza, tutenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Kuhifadhi wanyama ni kulinda aina fulani ya viumbe na makao yake, isitoweke duniani. Utetezi wa haki za wanyama ni fundisho jingine: unadai kwamba kila mnyama mmoja mmoja ana haki zake, karibu kama mwanadamu. Mambo haya mawili yalizaliwa mbali na kwetu, lakini yote mawili yamegusa ardhi yetu.

Wawindaji waliogeuka walinzi

Mwaka 1902 afisa Mjerumani, Kapteni Robert von Beringe, alipanda mlima Sabinyo akawapiga risasi gorila wawili. Mmoja wao alipelekwa Ulaya kwa wataalamu, nao wakampa gorila wa mlimani jina la yule aliyemuua. Jina hilo la kisayansi, Gorilla beringei, linatumika hadi leo. Mwaka 1921 Mmarekani Carl Akeley alifika mlima Mikeno, na msafara wake ukaua gorila watano ili wakakaushwe na kuonyeshwa katika jumba la makumbusho la New York. Mwaka huo huo msafara wa mwana wa mfalme wa Sweden, Wilhelm, uliua wengine 14.

Tumtendee haki Akeley. Moyo wake uliguswa na kazi ya mikono yake mwenyewe, akaanza kumsihi Mfalme Albert wa Ubelgiji awalinde gorila waliosalia. Tarehe 21 Aprili 1925 ikaanzishwa hifadhi ya Albert, ambayo leo tunaiita Virunga, ya kwanza ya aina yake katika bara la Afrika. Akeley alifariki mwaka uliofuata, akazikwa Kabara, kwenye miteremko ya Mikeno. Toba yake ilikuwa ya kweli. Lakini angalieni jinsi malipizi yalivyogawanywa. Bunduki zilizowamaliza gorila kwa ajili ya makumbusho zilitoka Ulaya na Marekani; mashamba na malisho yaliyotwaliwa hifadhi ilipozidi kupanuliwa yalikuwa ya wanakijiji wa Kivu. Mkosaji alipewa sifa ya mlinzi. Yule ambaye hakuwa na jumba la makumbusho akaanza kuitwa jangili.

Wakati huo huo vilima vya Masisi vilikuwa vikigawanywa kwa njia nyingine. Kuanzia mwaka 1928 Kamati ya Taifa ya Kivu, chombo cha wakoloni, ilikuwa ikiwapa walowezi ardhi kwa ajili ya mashamba makubwa na malisho ya ng'ombe. Kuanzia mwaka 1937 serikali hiyo ya kikoloni ilileta maelfu ya familia kutoka Rwanda, ikazipa makao Gishari na kwingineko katika Masisi. Familia hizo nazo hazikuulizwa kama wenyeji wamekubali, wala wenyeji hawakuulizwa. Hivyo upande mmoja ulikuwa wa mnyama, upande mwingine wa mlowezi na ng'ombe wake, na mkulima akabanwa katikati.

Mwaka mmoja, habari mbili

Mwaka 1975 mwanafalsafa wa Australia, Peter Singer, alichapisha kitabu kiitwacho Animal Liberation. Alifundisha kwamba maumivu ya mnyama yapaswa kupimwa kwa mizani ile ile tunayopimia maumivu ya mwanadamu yaliyo sawa nayo. Kitabu hicho kilisomwa sana katika nchi tajiri, na wengi hukihesabu kuwa chanzo cha harakati za siku hizi za kutetea haki za wanyama.

Mwaka huo huo wa 1975 hifadhi ya Kahuzi-Biega, iliyoanzishwa mwaka 1970 ikiwa na hekta 60,000, ilipanuliwa hadi hekta 600,000. Ikashuka kutoka milimani hadi misitu ya Walikale na Shabunda, ikameza ardhi ambamo watu walikuwa wakiishi. Katika miaka hiyo ya 1970 ndugu zetu Batwa walitolewa kwa nguvu katika msitu wa Kahuzi, bila kuulizwa na bila fidia. Walikuwa wameishi pamoja na gorila tangu enzi za mababu, na gorila walikuwa bado wapo. Ilichukua karibu nusu karne kwa neno la haki kutamkwa: mwezi Julai 2024 ilitangazwa hukumu ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoona kwamba serikali ya nchi yetu ilivunja haki za Batwa hao, na kwamba wanapaswa kurudishiwa ardhi yao na kulipwa fidia.

Tuendelee na mwaka 1993. Singer na mwenzake Paola Cavalieri walitoa kitabu kingine, kilichodai kwamba gorila na nyani wenzake wakubwa wapewe haki tatu: uhai, uhuru na kutoteswa. Mwaka huo huo, tarehe 20 Machi, watu walishambuliwa katika soko la Ntoto, wilayani Walikale, na moto ukaenea hadi Masisi. Chanzo kilikuwa ardhi na uraia, matunda ya ile migawanyo tuliyoitaja. Maelfu waliuawa, mamia ya maelfu wakakimbia. Haki zile tatu zilizokuwa zikiombwa kwa ajili ya gorila ndizo zile zile walizonyang'anywa watu wa Ntoto.

Hatusemi kwamba waandishi hao ndio waliowasha moto wa Ntoto. Kusema hivyo kungekuwa uongo. Tena Singer huyo huyo alikwisha kuandika mwaka 1972 kwamba tajiri ana wajibu kwa maskini anayekufa mbali naye, sawasawa na angekuwa mbele ya macho yake. Kosa tunalolitafuta ni la wafuasi wengi waliochukua nusu ya fundisho: wakaipenda sehemu isiyowagharimu kitu, wakaiacha ile iliyogusa mfuko wao.

Mabega yasiyoonekana

Mwezi Julai 2007 gorila kadhaa wa familia ya Rugendo waliuawa katika Virunga, miongoni mwao dume mkubwa aitwaye Senkwekwe. Mpiga picha Brent Stirton alipiga picha ya dume huyo akiwa amefungwa juu ya miti na kubebwa na watu wengi, na picha hiyo ikazunguka dunia yote. Watu walilia, fedha zikachangwa. Miezi hiyo hiyo vita kati ya jeshi la serikali na wapiganaji wa CNDP vilikuwa vikiwafukuza watu wa Masisi na Rutshuru makwao kwa mamia ya maelfu. Tuitazame tena picha ile. Gorila amebebwa juu ya mabega, na mabega hayo ni ya wanakijiji na walinzi wa hifadhi, watoto wa Kivu. Dunia ilimwona aliyebebwa. Waliombeba haikuwauliza usiku ule watalala wapi.

Miaka mitatu baadaye, kati ya tarehe 30 Julai na 2 Agosti 2010, watu wenye silaha walivamia Luvungi na vijiji vya jirani wilayani Walikale. Wachunguzi wa Umoja wa Mataifa walihesabu zaidi ya watu 300 waliobakwa, wanawake, wanaume na watoto. Mnaweza kuwauliza wageni wa mbali kama wamewahi kusikia jina la Luvungi. Kisha waulizeni juu ya Harambe, gorila aliyepigwa risasi katika bustani ya wanyama ya Cincinnati, Marekani, tarehe 28 Mei 2016, ili kumwokoa mtoto wa miaka mitatu aliyeangukia ndani ya uzio wake. Zaidi ya watu nusu milioni walitia sahihi ombi la kutaka haki itendeke kwa ajili yake. Jina la gorila huyo lina asili ya Kiswahili chetu: harambee, yaani tuvute kwa pamoja. Kwa Luvungi kamba hiyo ilivutwa na wachache sana.

Hata walinzi wa hifadhi husahauliwa. Tarehe 24 Aprili 2020, karibu na Rumangabo, walinzi 12 wa Virunga waliuawa katika shambulio moja, pamoja na dereva wao na raia wanne. Wengi duniani wanayajua majina ya gorila wa Rumangabo. Walinzi hao 12 wanajulikana kwa hesabu tu.

Simu iliyo mkononi

Mwishoni mwa mwaka 2000 bei ya koltani ilipanda ghafula katika soko la dunia, kwa sababu ya simu na mashine za michezo. Wachimbaji walimiminika katika msitu wa Kahuzi-Biega na machimbo mengine ya Kivu, na kwa kuwa msituni hakuna soko la nyama, wakala nyama ya msitu. Gorila wa nyanda zetu za chini walipungua vibaya: waliokadiriwa kuwa 17,000 katikati ya miaka ya 1990 walikadiriwa kuwa 3,800 mwaka 2016, ingawa hesabu mpya ya mwaka 2021 ilifikia 6,800. Huko Australia bustani za wanyama ziliwaomba wageni walete simu kuukuu zitumiwe upya, ili kuwasaidia gorila. Ni tendo jema, nasi hatulidharau. Lakini koltani ile ile huchimbwa Rubaya, Masisi, na binadamu wanaoingia katika mashimo yanayobomoka. Wao pia wanastahili kukumbukwa na mwenye simu.

Hapo ndipo tunapouona unafiki. Haumo katika kumpenda mnyama. Umo katika kudai haki ambayo gharama yake inalipwa na mwingine, huku mwenye kudai akiendelea kufaidi kile kinachomwangamiza mnyama na mtu kwa pamoja. Bwana wetu aliwakemea waandishi na Mafarisayo kwa jambo hilo hilo: waliwatwika wengine mizigo mizito, nao wenyewe hawakutaka kuigusa hata kwa kidole.

Kioo chetu

Hata hivyo tusifurahi mno, kwa maana nyani haoni kundule. Kuna vilima vya Masisi ambako ng'ombe wa mtu mmoja mkubwa wana malisho hadi upeo wa macho, na jirani yake analima kwa kukodi kipande kisichotosha mfuko mmoja wa maharage. Makaa yanayopikia chakula katika miji yetu, mengi yamekatwa katika hifadhi, na biashara hiyo ilihusishwa na mauaji ya gorila ya mwaka 2007. Anayesema kwamba gorila ni wa Wazungu, kisha anauza msitu wa mababu zake kwa gunia, naye anamtwika mwingine mzigo: mjukuu wake.

Kanisa halituambii tuchague kati ya mtu na mnyama. Katekisimu, katika namba 2418, inakataza kumtesa au kumuua mnyama bila sababu. Papo hapo inakataza kumtumilia mnyama mali ambayo ingepaswa kwanza kupunguza taabu ya binadamu. Baba Mtakatifu Fransisko, katika Laudato Si' ya mwaka 2015, alionyesha kwamba anayepigana na biashara ya wanyama walio hatarini, huku hajali biashara ya wanadamu wala maskini, anajipinga mwenyewe. Nuhu hakujenga safina mbili. Wanyama na watoto wake waliokoka katika chombo kimoja, na kazi ya kukijenga aliifanya yeye mwenyewe.

Njia hiyo imekwisha kujaribiwa hapa kwetu. Tayna, upande wa Lubero na Walikale, na Kisimba-Ikobo, wilayani Walikale, ni hifadhi zilizotokana na wakuu wa mila na wananchi wao waliotoa misitu yao wenyewe. Serikali ilizitambua mwaka 2006. Agizo la tarehe 2 Agosti 2014 linaruhusu jamii kumilikishwa msitu wake hadi hekta 50,000, bila kikomo cha muda. Kazi hizo zina udhaifu, na vita vinazisumbua. Lakini ndani yake anayeamua ndiye anayebeba, na anayebeba ana sauti. Asiye na sauti juu ya mzigo wake ni mpagazi tu, hata akiitwa mshiriki.

Basi, kijana, ukikutana na mtetezi wa wanyama, usimcheke. Muulize kwa upole: mzigo huu umeubeba upande gani? Kisha nawe uwe tayari kuulizwa.

Maswali ya kutafakari katika kikundi

1. Katika parokia yetu, ni nani anayelipa gharama ya hifadhi, na ni nani anayepata faida yake?
2. Je, familia zetu hupata wapi makaa, na kikundi chetu kinaweza kubadilisha nini katika jambo hilo mwaka huu?
3. Kwa nini majina ya wanyama yanakumbukwa kuliko majina ya watu waliouawa? Tuandike majina ya marehemu wa vijiji vyetu, tuyaombee kwa sauti.